Kabla ya Kuuza Ng'ombe

Vijana wa Masisi na Walikale, mmemaliza sekondari na kupata diploma ya serikali.

Tangu asubuhi wazazi wanne wameniuliza jambo moja. "Muganga, mtoto anataka udaktari. Tumpeleke Uganda ama abaki Goma?" Mmoja ameshapata mnunuzi wa ng'ombe wake. Kwa hiyo naiweka pembeni karatasi yangu, nijibu hilo.

Nianze na mfano wa Daktari Denis Mukwege. Alisomea udaktari Bujumbura, akamaliza mwaka 1983. Akaenda Lemera, Kivu ya Kusini, kutibu watoto. Pale akakuta akina mama wakifa kwa uzazi. Ndipo akaenda Angers, Ufaransa, kusomea ubingwa wa uzazi, na mwaka 1989 akarudi Lemera. Watu husifu Nobel yake ya 2018. Kinachonigusa mimi zaidi ni kwamba alipoondoka kwenda Ulaya alijua anafuata nini, na kwa ajili ya nani.

Kijana wa miaka 18 bado hajui. Goma, Bukavu na Butembo kuna vitivo vya tiba. Huko atamuuliza mgonjwa "unaumwa wapi?" na kuelewa jibu lote, hata lile lililofichwa kwa haya. Malaria kali, surua, utapiamlo, majeraha ya risasi: atayajua kwa mikono yake. Nje huenda isiwe hivyo: wengi waendao China, kwa mfano, hufundishwa kwa Kiingereza, kisha wodini mgonjwa anasema Kichina. Na ukirudi, diploma ya nje sharti itambuliwe kwanza na serikali, uandikishwe na baraza la waganga, ndipo utibu.

Lakini siwezi kuwaficha: hapa vita hukata masomo, vifaa ni haba, na mabingwa wa kufundisha ni wachache. Mzazi aliyelala porini na watoto wake akitaka mwanawe asome penye utulivu, simlaumu hata kidogo.

Hata hivyo, waganga tunawahitaji huku kwetu. Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000. Mama ambaye uzazi umemkwamia hubebwa kwa tipoyi, siku nzima, kumfikia anayeweza kumpasua. Ningependa shahada ya kwanza tuisomee hapa nchini, penye usalama, na fedha za ng'ombe tuziweke kwa ubingwa.

Wenye barua za vyuo vya nje, msilipe leo. Tukishakula nitakaa pale nyuma ya kanisa. Njooni nazo, tuzisome pamoja.