Ugoro Nao ni Tumbaku

(Maneno tuliyozungumza na vikundi vya akina mama na wazee, Kitui na Makueni)



Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Kwa miaka mingi, tulipokwenda kuwatazama wazee wagonjwa nyumbani, tulibeba ugoro. Sigara tulizikataza, lakini ugoro tuliuona ni zawadi ya heshima tu, kitu cha kumchangamsha mzee. Susu mmoja upande wa Mutomo alikuwa akitungoja kwa furaha kwa ajili ya kile kikopo. Aliuweka chini ya mdomo, mahali pale pale kila siku. Baadaye tukaona pamekuwa peupe, halafu pakawa kidonda. Hakikumwuma, kwa hiyo hakusema, na sisi hatukuuliza. Alipofikishwa hospitali ilikuwa ni saratani, tena imeshaingia kwenye taya. Tulimzika kabla ya mvua za Novemba.

Hatukuwa peke yetu katika kudanganyika. Utafiti uliofanywa Kenya nzima mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake wanaovuta hawafiki hata 1 katika 100, lakini wanaotumia ugoro na tumbaku ya kutafuna wanakaribia 4 katika 100. Sababu mnaijua. Mama akivuta sigara sokoni atasemwa mpaka kwao. Akinusa ugoro, nani atamwuliza?

Sasa, ndani ya tumbaku kuna kitu kinaitwa nikotini. Hicho ndicho kinachomshika mtu, hata akikosa siku moja hasira zinampanda na shamba halilimiki. Nikotini hubana mishipa ya damu na kuupeleka moyo mbio. Na wengi wanaotengeneza ugoro huongeza magadi, yale yale tunayolainishia isyo. Magadi hufanya nikotini iingie kwenye damu upesi zaidi. Kwa hiyo msiseme ugoro ni tumbaku ya watoto. Saratani yenyewe huletwa hasa na sumu nyingine, zinazojitengeneza majani yanapokaushwa na kuwekwa. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walishatangaza mwaka 2007 kwamba tumbaku isiyovutwa huleta saratani ya mdomo na ya kongosho, na baadaye wakaongeza ya umio, yaani njia ya chakula.

Wavutaji wa sigara msicheke, zamu yenu imefika. Moshi huharibu mapafu polepole, miaka 20 au 30, mtu akidhani ni kikohozi cha vumbi tu. Huzidisha hatari ya kifua kikuu, ugonjwa wa moyo na kiharusi. Mama mjamzito akivuta, mtoto huzaliwa mdogo. Na msisahau kwamba jikoni kwetu kuna moshi wa kuni tayari.

Wazee hutuambia, “Mimi nimeshazeeka, niache ya nini?” Swali zuri. Huko Uingereza madaktari wa kiume walifuatwa kwa miaka 50 tangu 1951. Wavutaji walipoteza karibu miaka 10 ya maisha. Lakini walioacha wakiwa na miaka 60 walirudishiwa kama miaka 3, na walioacha wakiwa na 30 walirudishiwa karibu yote. Miaka 3, mzee, ni kumwona mjukuu akimaliza shule.

Kuacha ni kugumu, hatuwafichi. Wiki ya kwanza ndiyo mbaya. Mwambie mtu wa nyumbani ili akuvumilie, na kikopo mpe mwingine akitupe, usikifiche darini. Na kila mwenye kidonda mdomoni kilichopita wiki mbili, kiume au kisiume, aende hospitali. Asingoje sisi tupite.

Kwa wenye vioski: sheria ya mwaka 2007 inakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, na inakataza kuuza sigara moja moja. Tunajua siku ya soko mambo ni tofauti. Tunajua pia ni watoto wa nani wanaonunua.

Sisi tumeacha kubeba ugoro. Siku hizi tunabeba majani ya chai na sukari. Mzee mmoja kule Kibwezi ameshatuuliza, hiyo sukari nayo tutaikataza lini.