Kamera ya Ghala Izimikapo Usiku



Ghala la chama ni amana ya wakulima. Kamera ionayo mchana na kuzimika usiku hailindi amana hiyo. Tena gunia likipotea, mlinzi hushukiwa bila ushahidi.

Kabla ya kununua kamera mpya, chanzo kitafutwe kwenye umeme. Usiku kamera huwasha taa zake za kuonea gizani, ikahitaji umeme mwingi kuliko mchana. Waya mrefu na mwembamba hupunguza volti njiani. Kamera ya volti 12 itumiayo nusu ampea, ikiwa mwisho wa mita 50 za waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, hupata takriban volti 10.3 tu. Waya wa milimita za mraba 1.5 huifikishia takriban 11.4.

Basi fundi apime volti penye kamera yenyewe, usiku, taa zake zikiwaka. Zikipungua, kamera ijaribiwe gizani karibu na adapta kwa waya mfupi. Ikifanya kazi, hitilafu i katika waya au viungo vyake. Ikizimika tena, ijaribiwe adapta nyingine ya volti 12, yenye ampea za kutosha kamera zote. Adapta ya volti zaidi isitumiwe, kwani yaweza kuiunguza kamera.

Vipimo viandikwe katika daftari la ghala, ili Halmashauri iidhinishe matumizi kwa ushahidi, si kwa kukisia.