Ufadhili kwa Wanaokosa Mkopo

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupima uhitaji wa mwombaji kabla ya kumpangia mkopo. Yatima, wenye ulemavu na wanaotoka kaya zinazosaidiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) hupewa kipaumbele, na hiyo ni haki. Anayeachwa njia panda ni mtoto wa mwalimu au muuguzi: mzazi ana mshahara, lakini hautoshi ada, chakula na malazi ya watoto wawili walio chuoni kwa wakati mmoja. Hata Samia Skolashipu, ufadhili wa serikali ulioanza 2022, haimfikii kila mtoto wa aina hiyo, kwani huwalenga waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Vyuo, halmashauri na kampuni zianzishe ufadhili wa sehemu ya ada, unaozingatia idadi ya wanaosomeshwa, si mshahara pekee.