Simba na Yanga walizaliwa nyumba moja

(Haya ni mazungumzo ya mwalimu mmoja wa kisomo, aliyoyatoa jioni mbele ya wanakisomo wa kijiji kimoja karibu na Tunduma.)

 

Leo nilikuwa nimepanga tusome habari za mbolea. Lakini wiki iliyopita niliingia humu darasani nikaona jambo. Mabenchi yamegawanyika. Upande wa dirishani wamekaa watu wa Simba. Upande wa mlangoni wamekaa watu wa Yanga. Tuna vitabu tisa tu kwa darasa zima, na vile vitabu vilikuwa upande mmoja. Mama mmoja wa upande wa pili alipoomba kimoja, akajibiwa: "Kaombe kwa Wananchi wenzako." Watu wakacheka. Yule mama hakucheka. Alikaa saa nzima bila kitabu, kisha akaenda zake.

Basi nikasema mbolea itangoja. Leo tuzungumze habari za Simba na Yanga. Mimi ni Yanga, nalisema mapema msije mkasema nimewaficha. Lakini habari nitakazowapa ni za kweli kwa pande zote mbili.

Tuanze na mwanzo. Klabu ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Dar es Salaam, wakati nchi inatawaliwa na Waingereza. Jina lake kamili ni Young Africans, maana yake Vijana wa Kiafrika. Watu wa mjini wakalifupisha, likawa Yanga. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mwaka mmoja tu baadaye, 1936, wenzao wengine walitofautiana nao wakajitenga. Wakaanzisha timu yao. Hiyo timu ndiyo leo tunaiita Simba.

Mmeelewa? Simba hawakutoka mbali. Hawakutoka nchi nyingine wala mji mwingine. Walikuwa vijana wa mji ule ule, waliokuwa wakicheza pamoja, wakagombana. Ni kama ndugu wawili wa hapa kijijini wanaogawana shamba la baba yao. Mpaka ni mmoja, kila mmoja anamwona mwenzake anapolima.

Wale waliojitenga waliiita timu yao Queens, maana yake Malkia. Baadaye wakaiita Eagles, yaani Tai. Kisha wakaiita Sunderland, jina la mji mmoja wa Uingereza wenye timu ya mpira. Jina la Simba lilikuja mwaka 1971, wakati nchi yetu ilipokuwa inaachana na majina ya kigeni. Kwa hiyo mzee akikwambia aliwahi kushangilia Sunderland, usimcheke. Anaijua Simba kuliko wewe.

Na akina mama msidhani mpira ni wa wanaume peke yao. Simba wana timu ya wanawake, inaitwa Simba Queens. Mnaona? Jina la kwanza la mwaka 1936 limerudi, safari hii kwa wanawake wenyewe. Yanga nao wana Yanga Princess.

Klabu zote mbili makao yao yako Kariakoo. Simba wako Mtaa wa Msimbazi, ndiyo maana huitwa Wekundu wa Msimbazi. Yanga wako Jangwani. Mtu anatoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake kwa miguu, wala hatoki jasho. Pale Jangwani Yanga wana kiwanja chao kinachoitwa Kaunda, jina la Mzee Kenneth Kaunda, Rais wa kwanza wa jirani zetu wa Zambia. Sisi wa Tunduma tunaoamka kila siku tukiiona Nakonde tunapaswa kulijua hilo. Shida ya kiwanja kile ni mafuriko. Na mto unaokifurika unaitwaje? Unaitwa Msimbazi! Watu wa Simba humu ndani naona mmefurahi. Haya, furahini.

Sasa tuje kwenye mechi zenyewe. Ni nyingi, nitataja chache.

Tarehe 1 Juni, 1968, Yanga waliwafunga Sunderland mabao 5 kwa 0. Lilikuwa jeraha kubwa. Watu wa Msimbazi walilibeba kwa miaka tisa.

Mwaka 1974 ndio mimi ninaoukumbuka kwa masikio yangu. Nilikuwa mtoto wa kuchunga ng'ombe. Reli ya TAZARA ilikuwa imefika Tunduma mwaka uliotangulia, na sisi watoto tulikuwa bado tunakwenda kuishangaa. Tarehe 10 Agosti, Simba na Yanga walikutana fainali ya kutafuta bingwa wa taifa, katika Uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Kijiji kizima kilikuwa na redio moja. Betri zake zilikuwa zimechoka. Mchana kutwa tulizianika juani juu ya bati ili zipate nguvu kidogo, wazee mnaijua kazi hiyo. Simba walitangulia kwa bao la Adam Sabu. Redio ikafifia. Watu wa Simba wakaanza kucheza ngoma pale pale uani. Baadaye redio ikarudi, tukasikia Gibson Sembuli amesawazisha dakika zikiwa karibu kwisha. Wakaongezewa muda. Sunday Manara akafunga la pili. Yanga 2, Simba 1. Kisha betri zikafa moja kwa moja. Mzee mwenye redio alikuwa Simba, akasema hizo habari si za kweli mpaka azisome kwenye gazeti. Lakini hakujua kusoma. Alingoja siku nne mpaka kijana mmoja alipotoka Mbeya na gazeti, akamsomea. Mwaka uliofuata yule mzee alijiandikisha kisomo. Hakutaka tena kusomewa kushindwa kwake na mtoto wa watu.

Nisiwapendelee Yanga. Mwaka huo huo wa 1974 Simba walifika nusu fainali ya Kombe la klabu bingwa Afrika, wakatolewa na Wamisri wa Mehalla kwa mikwaju ya penalti. Hilo ni jambo kubwa, na Mtanzania yeyote angelifurahia.

Baada ya hapo Yanga wakaingia katika ugomvi wa ndani. Viongozi na wanachama waligawanyika, wachezaji wazuri wakaondoka. Mwaka 1976 ikazaliwa klabu nyingine, Pan African. Hebu tazameni: 1936 nyumba iligawanyika, ikazaliwa Simba. Miaka 40 baadaye nyumba ile ile ikagawanyika tena. Na Pan African hawakuwa timu ya mchezo, mwaka 1982 walichukua ubingwa wa nchi.

Na Yanga waliobaki? Tarehe 19 Julai, 1977, Simba waliwafunga mabao 6 kwa 0. Sita! Abdallah Kibadeni peke yake alifunga matatu, Jumanne Masimenti mawili, na moja Selemani Sanga wa Yanga alijifunga mwenyewe. Simba wakawa bingwa mwaka 1976, 1977, 1978, 1979 na 1980, miaka mitano mfululizo. Mimi nasema hivi, na watu wa Simba mnaweza kubisha: zile sita hazikufungwa na Simba peke yao. Nusu yake Yanga walijifunga wenyewe mwaka 1976, kwenye mikutano ya kugombana.

Wakati wakubwa hao wakiangaliana, wengine walipita. Mwaka 1975 bingwa alikuwa Mseto ya Morogoro. Na mwaka 1986, ndugu zangu, bingwa alitoka huku kwetu. Tukuyu Stars, kutoka Rungwe! Wakati huo Songwe ilikuwa bado haijawa mkoa, sote tulikuwa Mbeya mpaka mwaka 2016. Timu ya wilaya, kutoka kwenye migomba na chai na mvua zisizokatika, iliwapita Simba na Yanga wote. Mwaka ule ndio pekee ninaoukumbuka ambao watu wa Simba na watu wa Yanga wa hapa kijijini walishangilia pamoja.

Za karibuni wengi mnazijua. Tarehe 6 Mei, 2012, Simba walishinda 5 kwa 0, na Felix Sunzu, Mzambia, alikuwa mmoja wa wafungaji. Tarehe 5 Novemba, 2023, Yanga walishinda 5 kwa 1, na aliyefungua mabao alikuwa Kennedy Musonda, naye Mzambia. Majirani zetu hawa wanatuumiza kwa zamu. Na Clatous Chama, Mzambia mwingine aliyependwa sana Msimbazi, mwaka 2024 alihamia Yanga. Wachezaji wanahama, wanapata mkate wao, wanasalimiana. Anayebaki na kinyongo ni mtu wa Tunduma ambaye Dar es Salaam hajafika, kilomita zaidi ya 900.

Nje ya nchi nao wamefika mbali. Simba walicheza fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, wakafungwa na Stella ya Abidjan. Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 na USM Alger ya Algeria, wakalikosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini. Mwaka 2025 Simba nao wakafika fainali hiyo hiyo, wakashindwa na Berkane ya Morocco. Kila mmoja amefika mlangoni, hakuna aliyeingia. Katika hilo wako sawasawa.

Sasa nataka tulitazame neno moja. Magazeti na redio huwaita Simba na Yanga "watani wa jadi". Wazee, utani ni nini? Utani si matusi tu. Utani una sheria. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, baadaye wakawa watani. Mtani anaweza kukuchukulia kuku wako, akakutukana mbele ya wakwe, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kushika kazi za msiba. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya utani. Sisi katika mpira tumeshika nusu ya kwanza.

Nami nakiri kosa langu. Ile Novemba 5, 2023, nilitazama mechi kwenye banda la video pale mjini. Nilirudi usiku na furaha imenipanda kichwani. Nikachukua magunzi matano ya mahindi nikayafunga kwa kamba, na gunzi moja peke yake. Nikaenda kuyatundika mlangoni kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni Simba wa damu. Nikagonga mlango, nikaimba. Alitoka. Hakusema neno. Nyuma yake nikaona mtoto wake amelazwa kwenye mkeka, homa imempanda. Mpira wenyewe hakuutazama, hata matokeo alikuwa hajayajua. Akayachukua yale magunzi yote sita, akayatia kwenye moto uliokuwa unachemsha maji ya mtoto. Akafunga mlango.

Mtoto alipona. Lakini shemeji na mimi hatukusalimiana tena. Tulipanda mahindi, tukapalilia, mashamba yetu yamepakana, kila mtu anatazama jembe lake. Mke wangu ndiye aliyepata taabu, maana yuko katikati. Mara mbili nilitoka kwenda kumwomba radhi, mara mbili nikarudia njiani. Naona haya hata kuwaambia.

Aprili 2024 mama yangu alifariki. Alfajiri, kabla hata sijamaliza kuwatumia watu habari, nilisikia sepeto linaburuzwa uani. Alikuwa shemeji. Hakuja kunipa mkono, alikwenda moja kwa moja kuuliza mahali pa kuchimba. Mimi nilibaki nimesimama. Wamechimba weee, kaburi limefika kifuani, yeye yumo ndani, ananirushia udongo miguuni. Mara akainua kichwa, akawaambia vijana kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Chimbeni sawasawa. Huyu mama alikuwa Simba, msimlaze kama Yanga." Na kweli, marehemu mama alikuwa Simba. Watu walicheka huku wanalia. Nami nilicheka, kisha nikalia sana kuliko nilivyokuwa nimelia toka asubuhi. Nikashuka kaburini nikapokea sepeto.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Machi 8, 2025, wengi mnakumbuka, mechi ya watani haikuchezwa, ikasogezwa mpaka Juni 25, Yanga wakashinda 2 kwa 0. Siku ile ya Machi kijana mmoja wa hapa alikuwa ameuza gunia la mahindi aweke pesa kwenye mkeka. Siku hizi neno mkeka si la kulalia tu. Habari za mikeka hiyo tutazisoma wiki ijayo pamoja na hesabu zake, maana zinahitaji ubao.

Sasa naona mikono imenyooka, na mwenye swali aulize. Mama, wewe uliye kule nyuma, nimefurahi umerudi. Utaanza wewe. Lakini sogea kwanza huku dirishani, hapo ulipo taa haifiki. Na nyie wa dirishani, mpeni kitabu.