Kazi ya Timu Katika Mabadiliko ya Taasisi: Mifano ya Jinja na Mbale

Taasisi hubadilika pale watu wake wanapoanza kukabidhiana kazi kwa namna mpya. Azimio la bodi hufungua njia tu. Mwaka 1948 Lester Coch na John French walichapisha utafiti wao wa kiwanda cha pajama cha Harwood, jimboni Virginia, Marekani. Wafanyakazi waliotangaziwa utaratibu mpya bila kushirikishwa walishusha uzalishaji, wakanung'unika, na baadhi wakaacha kazi. Vikundi vilivyoshiriki kuupanga vilirudia kiwango chao upesi, kisha vikakipita.

Funzo hilo linaonekana pia nchini Uganda. Mjini Jinja, bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954 chini ya Bodi ya Umeme ya Uganda. Mwaka 2001 bodi hiyo ilivunjwa, zikazaliwa kampuni tatu: ya kuzalisha, ya kusafirisha na ya kusambaza umeme. Mwaka 2003 vituo vya Nalubaale (Owen Falls ya awali) na Kiira vilikodishwa kwa kampuni ya Eskom kwa miaka 20, na mkataba ulipokwisha tarehe 31 Machi 2023 vilirudi kwa kampuni ya serikali ya uzalishaji, UEGCL. Makabidhiano ya aina hii huandikwa kwa siku moja, lakini mitambo haingoji mwajiri mpya ajifunze. Mtambo upi hutikisika mzigo ukipanda, lango lipi la maji huwa zito: mengi ya hayo yamo vichwani mwa watu wa zamu, na katika daftari wanalopokezana asubuhi na jioni. Menejimenti inayovunja zamu hizo ili kupanga vyeo upya hupoteza ujuzi ambao hakuna mkataba unaoweza kuurudisha.

Mbale inaonyesha upande mgumu zaidi, kwa kuwa wanaotakiwa kubadilika huko si waajiriwa bali wakulima wa kahawa. Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu kiliundwa mwaka 1954, na kwa miongo mingi kiliuza kahawa katika soko lililolindwa na serikali. Mapema miaka ya 1990 biashara ya kahawa iliachwa huru na wanunuzi binafsi wakapanda hadi vijijini. Mwaka 1998 ulianzishwa mradi wa kahawa bora ulioitwa Gumutindo, ambao baadaye ulisimama wenyewe kama ushirika wa vyama vya msingi vya miteremko ya Mlima Elgon.

Kuhama kutoka kwenye wingi kwenda kwenye ubora kulihitaji timu kwa maana halisi. Mkulima huchuma matunda mekundu tu, huyamenya siku hiyohiyo, huchachusha buni, huziosha na kuzianika juu ya vichanja. Debe moja lililolala bila kumenywa, likichanganywa na mengine, huharibu ladha ya shehena ya chama kizima. Kwa hiyo jirani hulazimika kukagua kahawa ya jirani, jambo linalowezekana tu pale ambapo wote wameikubali kanuni kabla ya msimu. Peace Kawomera, ushirika ulioanzishwa karibu na Mbale mwaka 2004 kwa juhudi za mkulima J.J. Keki, uliunganisha Wayahudi, Wakristo na Waislamu, na uongozi wake ukagawanywa miongoni mwa dini hizo. Mgawanyo huo una faida kubwa ya kiutendaji: mkulima ambaye kahawa yake imekataliwa hana sababu ya kudhani ameonewa kwa imani yake.

Timu nayo ina kasoro zake. Mzembe hujificha nyuma ya wenzake, na vikao hugeuka mahali pa kukwepa uamuzi. Dawa ya kasoro hizo ni mamlaka na malipo, na hapa ndipo mipango mingi ya mabadiliko hukwama. Watu wa zamu wawe na ruhusa ya kusimamisha mtambo wanaoutilia shaka bila kusubiri meneja. Katika ushirika, tofauti ya bei ionekane kwenye mizani: kahawa safi na kahawa chafu zikilipwa sawa, aliyekesha akimenya hatakesha tena msimu ujao, na jirani yake hatakuwa na sababu ya kumhimiza.