Gauni la Marinda ya Kutarizi: Saa ya Mama Ina Bei

(Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia vinavyoshona nguo za watoto)



Leo tunazungumza juu ya gauni la msichana mdogo, lile lenye marinda madogo madogo kifuani yaliyoshikwa kwa kutarizi kwa mkono. Wengine huliita gauni la smoki. Vikundi vingi vinaweza kulishona, na vingine vinalishona vizuri sana. Lakini uzuri wa kazi ni jambo moja, na faida ni jambo lingine. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ni kweli, ila hawakutuambia kitajiuza kwa bei gani.

Kwanza tujue tunauza nini. Mshono huu ulitumiwa sana na wakulima na wachunga kondoo wa Uingereza katika miaka ya 1700 na 1800. Nguo za siku hizo hazikuwa na lastiki kama za leo. Mtu wa shamba alihitaji nguo pana ya kazi inayobana kifuani na mikononi, lakini inayonyumbuka anapoinua jembe. Kwa hiyo walikunja kitambaa marinda, wakayafunga kwa uzi wa kutarizi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1800 mshono huo ukaingia katika nguo za watoto, na umebaki huko mpaka leo.

Mnaona basi, yale si mapambo tu. Kifua cha gauni hili hunyumbuka. Mtoto akikua kidogo, gauni bado linamtosha. Ukimwachia pindo pana chini, utalishusha mwaka unaofuata, na baadaye mdogo wake atalirithi. Hilo ndilo la kumwambia mnunuzi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

1. Fua kitambaa kabla ya kukata, ili kikiwa cha kurudi kirudi mapema. Pamba nyepesi au popilini inafaa. Uzi mwekundu au wa buluu uloweshe kwanza pamoja na kipande cheupe, uone kama unachuja rangi.

2. Upana wa kitambaa cha mbele uwe mara 3 ya upana unaotaka. Ukitaka kifua cha sentimita 25, kata sentimita 75. Usibane hapo. Kitambaa kikiwa kidogo marinda yanakuwa membamba na gauni halinyumbuki.

3. Weka alama za nukta kwa mistari iliyonyooka. Acha karibu nusu sentimita kati ya nukta na nukta, na sentimita 1 kati ya mstari na mstari. Kila mstari uwe na uzi wake wenye fundo upande mmoja. Sindano ichukue kitambaa kidogo tu penye nukta. Ukimaliza, vuta nyuzi zote polepole, panga marinda yasimame sawasawa, kisha funga nyuzi mbili mbili.

4. Uzi wa kutarizi una nyuzi ndogo 6, tumia 3. Mstari wa juu uwe wa mshono unaoshika sana, kama ule wa kamba: unashona rinda moja moja, uzi ukipita chini ya sindano, na rinda linalofuata ukipita juu. Mistari ya chini iwe ya mawimbi, ambayo inalegea ili sketi ifunguke vizuri. Usivute uzi kwa nguvu, na sindano isizame mpaka ndani ya rinda.

5. Usikandamize marinda kwa pasi. Yatalala na hayatainuka tena. Weka kitambaa chenye unyevu, shikilia pasi juu yake bila kugusa, mvuke ufanye kazi. Nyuzi za kukusanyia zitolewe baada ya kutarizi, isipokuwa ule wa juu kabisa, unaongoja mpaka kipande cha mabegani kishonewe.

Haya, gauni limekwisha. Ni shilingi ngapi?

Hapa ndipo vikundi vingi huumia. Mtu anajumlisha kitambaa na uzi, anaongeza kidogo, anasema "tumepata faida". Tufanye hesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano. Ninyi mtaweka za soko lenu. Tuseme kitambaa mita 1 na nusu ni shilingi 300, uzi wa kutarizi 60, vifungo na uzi wa cherehani 40. Jumla ni shilingi 400. Mkauza gauni kwa shilingi 700, mnaona mmebaki na 300. Lakini nani alihesabu saa? Kukusanya marinda saa 3, kutarizi saa 10, cherehani saa 3. Hizo ni saa 16. Gawanya 300 kwa 16. Ni chini ya shilingi 19 kwa saa, na hamjatoa hata senti ya sindano wala mafuta ya cherehani.

Mama mmoja atasema, "Lakini mimi hutarizi jioni, nikiwa nimeketi tu." Hapana, mama. Saa hiyo ungepumzika, au ungemsaidia mtoto na masomo yake, au ungelala. Umeitoa, na macho yako umeyatoa pia. Saa inayotolewa usiku si ya bure kwa sababu hakuna aliyeiona. Kikundi kikiuza kazi ya mikono bila kulipa mikono, kinachouzwa ni afya ya wanachama.

Tuseme mmekubaliana saa moja ni shilingi 60. Saa 16 ni shilingi 960. Ongeza 400 za vifaa, ni 1,360. Ongeza sehemu ya kumi kwa mfuko wa kikundi, ni karibu 1,500. Mtasema, nani atanunua kwa bei hiyo, na mitumba imejaa sokoni? Swali zuri. Jibu lake si kushusha malipo ya mama. Jibu ni kupunguza saa.

Tumieni kitambaa cha miraba midogo, kama kile cha sare za wasichana katika shule nyingi za msingi. Miraba yenyewe inawaongoza, hamhitaji kuweka nukta. Punguzeni mistari ya kutarizi. Mistari michache iliyonyooka inapendeza kuliko mingi iliyopinda. Mwenye cherehani akate na kushona magauni kadhaa kwa pamoja. Saa zikishuka kutoka 16 hadi 10, malipo ni 600, vifaa 400, mfuko 100. Gauni ni shilingi 1,100, na kila mama bado anapata 60 zake kwa saa.

Wala msishindane na mtumba. Anayetafuta nguo ya kuchezea atauchukua mtumba, na ana haki yake. Ninyi mtafuteni mzazi mwenye ubatizo, mwenye arusi, au anayetaka nguo mpya ya Krismasi. Gauni la Desemba lianze kutarizwa Agosti, mchana, penye mwanga, bila haraka. Mwenye kuagiza atoe nusu ya bei kwanza, ili kitambaa kisinunuliwe kwa deni.

Mwisho, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila gauni lipewe namba. Andikeni nani alikusanya marinda, nani alitarizi, nani alishona, na kila mmoja saa ngapi. Pesa zikija, zigawanywe kwa saa hizo, mbele ya wote. Mwenye cherehani asichukue zaidi kwa sababu cherehani ni yake. Kama mnaikodi, kodi iandikwe kando. Vikundi vingi huvunjika kwa manung'uniko ambayo ukurasa mmoja wa daftari ungeyamaliza.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

- Gauni letu la mwisho lilichukua saa ngapi? Tunajua, au tunakisia?
- Tukigawanya faida yake kwa saa hizo, kila mama alipata nini?
- Ni kazi gani tunaweza kuipunguza bila kuharibu gauni?
- Nani ataweka daftari, na nani atalikagua?

Jibuni hayo manne kabla ya kukata kitambaa kingine.