Mwalimu wa Kujitolea Akae Mwaka Mzima



Kule Luguruni, kando ya Barabara ya Morogoro, kuna shule ya bweni ya wasichana yenye jina la mwalimu mgeni: Barbro Johansson. Siku hizi Luguruni ni Wilaya ya Ubungo. Shule ilipoanza mwaka 2000 ilikuwa Kinondoni. Mama Barbro alizaliwa Uswidi mwaka 1912, akafika Tanganyika mwaka 1946 kama mmisionari wa Kilutheri. Alifundisha wasichana Kashasha, Kagera, wakati wazazi wengi waliona binti hahitaji shule. Baadaye akawa mbunge, na mkuu wa shule ya wasichana Tabora. Kiswahili alijifunza, na uraia akachukua.

Sisemi kila kijana wa kujitolea akae miaka 50. Lakini mimi nimefundisha shule ya bweni upande wa Temeke. Tulipata mwalimu wa hisabati kutoka Ulaya, kijana mwenye bidii, wasichana wakampenda. Alikuja Juni, akaondoka Septemba. Mtihani wa kidato cha pili ni Novemba. Nilipoingia darasani kushika nafasi yake, mimi mwalimu wa jiografia, binti mmoja aliuliza, "Mwalimu, tuendelee na daftari lake au tuanze upya?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo naomba mkataba uanze Januari, uishe baada ya mitihani, na wiki za kwanza ziwe za Kiswahili. Nauli ya ndege ni ileile.